Simu ya Mama Festo na Kipande Kilichobaki

Nyie vijana mnaokaa kwenye vibanda vya simu pale Mwanjelwa, na nyie wa stendi ya Iringa mnaobandika kioo kwa gundi halafu mnamwambia mteja asiiweke juani, hebu acheni kidogo mnachokifanya mnisikilize. Naitwa Subilaga. Wateja waliniita Fundi Subi. Nimekaa kwenye kazi hii tangu simu zina antena ya kuvuta mpaka hizi za kupangusa, na nimeiacha mwaka jana kwa sababu macho yamekataa. Nikishika koleo naona mbili. Fundi anayeona koleo mbili akae nyumbani apalilie mahindi, na ndicho ninachofanya hapa Uyole.

Sikuwa na mpango wa kuandika chochote. Lakini wiki iliyopita nilishuka mjini kununua chumvi na sabuni, nikapita kwa kijana mmoja mwenye meza karibu na ile iliyokuwa yangu. Bibi mmoja alikuwa amempa simu, anasema imejaa, haipokei picha. Yule kijana, muhogo mdomoni, hata usoni hakumtazama. Akaingia kwenye mpangilio, akabonyeza, futa, futa, futa. Nikamuuliza, "We, umemuuliza kilichomo?" Akanijibu, "Mama nawe, si nasafisha tu!" Nilitamani nimzabe kibao. Nikapanda gari nikarudi nyumbani. Hiyo "nasafisha tu" niliwahi kuisikia mahali pengine, na hadi leo inaniuma.

Nianze na la kazi, maana najua mnapenda ufundi kuliko masimulizi ya wazee. Mteja akikuambia, "Nilifungua kwenye simu," usimwamini. Hasemi uongo, ila hajui alifungulia wapi. Mtu ametumiwa linki ndani ya programu ya kutumiana ujumbe. Ameigusa. Pamefunguka kidirisha humohumo ndani ya programu, hakutoka kwenda kwenye kivinjari kikubwa cha simu. Kile kidirisha nacho ni kivinjari, kidogo, na kina stoo yake. Anachofungua humo, ukurasa, picha, wimbo, kinaacha nakala ya muda ili kesho kifunguke haraka. Hiyo ndiyo kashe. Simu ikiwa ya Kiswahili inaandika akiba. Akibonyeza kupakua, faili linaweza kwenda kwenye folda ya vipakuliwa ya simu, au likabaki ndani ya ile programu yenyewe, inategemea aliyeitengeneza aliamka na akili gani siku hiyo. Kwa hiyo kuna stoo mbili au tatu, na mteja anadhani ni moja.

Waliojifunza kwangu niliwaambia hivi: kashe ni jembe la kuazima. Lipo mlangoni kwako, unalimia, umeuzoea mpini wake, lakini si lako. Simu ikibanwa na nafasi italitupa bila kukuuliza. Kilichopakuliwa kikakamilika ndicho jembe lako. Mteja akitaka kitu kikae, kipakue, subiri kiishe, kisha kihamishe kwa mkono wako ukiweke kwenye memori kadi. Zima data. Toka nje ya ile programu. Kifungue. Kikicheza hapo, ndipo umwambie mteja kwamba anacho. Kabla ya hapo funga mdomo.

Halafu kuna vile vitufe viwili. Futa akiba, na futa data. Cha kwanza kinatupa nakala za muda tu. Cha pili kinatupa kila kitu cha programu hiyo, meseji, mafaili yaliyolala ndani yake, mpaka ukiifungua tena inakuuliza namba yako kama vile hamjawahi kuonana. Vimewekwa jirani, vinafanana, na watu wanavibonyeza vyote viwili wakidhani cha pili ni kuongezea usafi.

Kashe ina vituko vyake pia, si majonzi tu. Kulikuwa na mwinjilisti mmoja wa huku juu, mtu mpole, ana koti moja jeusi la kila ibada. Alikuwa na programu ya kanisa yenye somo la siku. Ukigusa, somo linafunguka kwenye kidirisha cha ndani. Bando likamwishia, naye hakujua, maana kila asubuhi akigusa, somo linakuja. Kumbe linakuja lilelile la siku bando lilipokata. Kashe ndiyo inamletea. Basi akahubiri habari za mtini usiozaa. Kesho yake kwenye ibada ya asubuhi, mtini. Keshokutwa, mtini. Wazee wa kanisa wakaanza kutazamana. Mzee mmoja aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na ndugu zake akaona hapa nasemwa mimi, akaenda kupatana nao, akatoa na jogoo. Mwinjilisti alipokuja kwangu kulalamika kwamba Mungu hataki kuhama kwenye mtini, nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwekea bando, nikauvuta ukurasa ujisome upya, akaja mwana mpotevu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, tafadhali, wasijue." Sikumwambia mtu. Wale ndugu walishapatana, ningesema ili iweje?

Haya. Kazi nilifundishwa Iringa mjini na Bwana Hasmukh. Familia yake walikuwa Wahindi wa zamani wa pale, duka la redio, pasi na taa za karabai lilianzishwa na babu yake. Kihehe alikijua kuliko mimi Mnyakyusa. Ukiingia dukani anakuwahi, "Kamwene!" kabla hujamtolea shikamoo. Alinipokea nikiwa msichana nisiyejua chanya na hasi, akanipa kopo la skrubu nizichambue kwa ukubwa. Nilipomaliza, nikiwa najiona fundi, akalimwaga tena mezani. "Sasa fumba macho, chambua kwa vidole." Nilimtukana kimoyomoyo kwa Kinyakyusa, matusi ambayo mama yangu angesikia angenichapa. Lakini miaka mingi baadaye, umeme ukikatika Mwanjelwa wenzangu wanasimamisha kazi, mimi nilikuwa naendelea.

Ndiye aliyenipa utaratibu niliofuata maisha yangu yote. Redio ikija, hakuigusa. Alimwambia mteja aiwashe mwenyewe, atafute stesheni anayoipenda, amwonyeshe inapokorofisha. Aliniambia, "Subi, tazama kidole chake kinakwenda wapi kwanza. Huko ndiko kuna kitu chake. Kwingine fanya utakavyo, huko usiguse bila kumuuliza." Simu zilipokuja nikafanya vilevile. Hata simu ikiwa imejaa mpaka haipigi, mpe mwenyewe aishike, mwambie, nionyeshe unachokipenda humu. Wengine watakuonyesha picha ya ng'ombe. Baba mmoja dereva wa lori alinionyesha meseji ya bosi wake wa zamani aliyomwandikia asante kwa kazi. Meseji fupi, ya miaka, hajaifuta. Sasa nyie mnafuta tu, kidole cha mteja hamkioni, mnaona kiasi cha nafasi kilichobaki.

Bwana Hasmukh alifariki mimi nikiwa Mbeya, nimeshajitegemea. Habari ilinifikia siku zimepita, mazishi sikuyawahi. Nilipokwenda Iringa nikakuta duka linauza vitenge, muuzaji hata jina la Bwana Hasmukh halijui. Nikasimama mlangoni nikijifanya nachagua doti, machozi yakanitoka, yule muuzaji akadhani nimeibiwa pochi. Akanipa kiti. Mtu mwema, lakini sikuweza kukaa kwenye duka lile nikiwa mgeni.

Sasa nije kwa Mama Festo, maana ndiye hasa niliyetaka kumsema.

Alikuja asubuhi, mvua ile ya Mbeya isiyo na haraka ya kukatika, amejifunika khanga juu ya sweta. Alikuwa na mwanaume mrefu, kofia mkononi. Akanitambulisha: shemeji yake, Yohana, mdogo wa marehemu mumewe. Ni Wabena wa Wanging'ombe waliohamia Igawa. Mama anauza mchele na maharage kando ya barabara kuu. Yohana ananunua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuvisambaza huku. Nikampa Yohana kigoda, akasema asante, yuko sawa. Akabaki amesimama mlangoni, nusu yake ndani, nusu kwenye mvua.

"Kamwene, dada fundi," mama akasema.

"Kamwene, mama. Simu ina nini?"

"Haina kitu. Ndiyo nimekuja kwa sababu haina kitu."

Nikaona ni simu ya kupangusa ya kawaida, kioo kizima, chaji imejaa. Sikuigusa. Nikamwambia, "Mama, ishike mwenyewe. Nionyeshe ulichokuwa unakifungua."

Akaishika kwa mikono yote miwili. Kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye programu ya ujumbe, bila kutafuta, kidole kilichozoea njia. Kikafungua. Kikashuka chini kidogo, kikafika mahali, kikasimama. Pale palikuwa peupe.

"Alikuwa hapa," akasema.

Nimesikia wateja wengi wakisema ilikuwa hapa, picha ilikuwa hapa, meseji ilikuwa hapa. Yeye alisema alikuwa. Nikaweka kando kila nilichokuwa nimeshika, nikamwambia anisimulie.

Festo alikuwa mwanawe wa kwanza. Alikwenda Chunya na vijana wenzake kuchimba dhahabu, haya mashimo ya wachimbaji wadogo. Huko akaingia kwaya ya kanisa, maana tangu mdogo alikuwa anaimba mpaka anachapwa kwa kuimba darasani. Kwaya ikarekodi nyimbo, kijana mmoja mwanakwaya akafungua ukurasa wa kwaya mtandaoni akaziweka. Kuna wimbo mmoja ambao ubeti wa tatu Festo anauimba peke yake. Akamtumia mama linki. Alipokuja Krismasi, akakaa naye kwenye benchi la dukani akamwonyesha. Kwanza akabonyeza kupakua, mtandao wa Igawa siku hiyo ukawa unasuasua, ukakatika. Akasema, "Basi, mama, achana na hiyo. Wewe gusa hapa penye bluu, utanisikia." Akagusa yeye kwanza, mtandao ukarudi kidogo, wimbo ukacheza mpaka mwisho. Toka siku hiyo mama kila asubuhi kabla ya kufungua magunia alikuwa anagusa penye bluu.

"Hata bila bando alikuwa anaimba," aliniambia. "Nilidhani ndivyo simu zilivyo."

Mnaelewa kilichokuwa kinamwimbia. Ilikuwa kashe. Ukurasa wa kwaya ulishafungwa kitambo, kijana aliyeufungua alihama, hakuna aliyeuangalia. Mtandaoni wimbo haukuwepo tena. Ulikuwa umebaki ndani ya kile kidirisha, kwenye simu ya mama mmoja muuza maharage Igawa, naye hajui.

Kisha shimo likamfunika Festo na wenzake.

Yohana ndiye aliyekwenda Chunya kuufuata mwili. Yohana alitafuta jeneza, Yohana aliwalisha waombolezaji, Yohana alisimama na mchungaji. Na msiba wa siku hizi mnaujua, linafunguliwa kundi kwenye simu, kila mtu anatuma. Picha za jeneza, picha za kaburi, video ya watu wanatupa udongo, pole, pole, pole. Simu ya mama ikajaa mpaka ikawa nzito, ukigusa hapa inafikiria kwanza.

Kwetu huku siku ya kumaliza msiba ni siku ya kufagia. Majivu ya moto wa waombolezaji yanazolewa, mikeka inaanikwa, nguo za marehemu zinafuliwa ndipo zigawiwe ndugu. Huwezi kumpa mtu shati lenye jasho la aliyeondoka. Na wenye nyumba wanapaswa waache kulala chini, waanze kuishi. Siku hiyo Yohana akamwona shemeji yake amekaa pembeni na simu iliyojaa picha za jeneza la mwanawe. Akaona, na hii nayo ifagiwe. Mtu akitembea na jeneza mfukoni, msiba wake utakwisha lini? Akaiomba, akaingia kwenye mpangilio, akabonyeza futa akiba, akabonyeza na futa data ili iwe safi kabisa. Programu ilipouliza namba akaiandika upya, akairudisha simu kwa mikono miwili, kama anavyopaswa kumpa mke wa kaka yake.

"Aliniambia, nasafisha tu, shemeji," mama akasema. "Mimi nikamwambia asante."

Nikamtazama Yohana pale mlangoni. Alikuwa anatazama kofia yake. Nitamlaumu vipi huyu mtu? Aliipenda ile familia kuliko nafsi yake, na alifanya kile ambacho wazee wangemsifia. Angekuwa mvivu, angekuwa hajali, mama angekuwa bado na wimbo wake. Nilimhurumia kuliko ninavyoweza kusema.

"Fundi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza anafungua mdomo tangu akatae kigoda, "itafute. Nakuomba."

Mama hakumgeukia. Alinisogelea akaongea kwa sauti ya chini, nadhani ili shemeji yake asisikie. "Naanza kuisahau sauti yake. Jana nilijaribu kumkumbuka anavyoniita mama. Ikaja sauti ya baba yake. Sura ninayo, picha ziko ukutani. Sauti ndiyo inaondoka, dada, na nikiwa hai."

Nilifanya niliyoyajua. Niliutafuta ule ukurasa, nikaambiwa haupo. Nikapata namba ya kiongozi wa kwaya Chunya, nikampigia, akasema kompyuta yenye nyimbo ilikufa, wanakwaya wengi walitawanyika kufuata mashimo mengine, atawauliza waliobaki. Aliwauliza kweli, alinipigia siku chache baadaye na habari haikuwa nzuri. Simu ya Festo mwenyewe alikuwa nayo mfukoni siku ile shimoni. Hiyo sikuiuliza tena.

Najua mnachofikiri. Programu za kufufua mafaili. Nilizijaribu, wanangu. Lakini kwenye simu za sasa kilichokaa ndani ya programu kimefungwa kwa ufunguo, ukibonyeza futa data ufunguo nao unakwenda. Hata ukikikuta, ni sanduku lisilofunguka. Fundi atakayemwambia mteja "nitajaribu, njoo wiki ijayo" huku anajua, huyo ni mwizi, tena anaiba kitu kibaya kuliko hela. Nilimwambia mama ukweli wote. Alisikiliza, akaitika, "Ee." Kila nilichomwambia aliitikia "ee," kama mtu anayepokea rambirambi.

Ndipo nikafungua folda ya vipakuliwa. Sikuwa na tumaini, ilikuwa tabia tu, huwezi kumaliza kazi bila kupita kila chumba. Futa data haigusi folda ile, hiyo ni ya simu yenyewe. Humo kulikuwa na matangazo ya mbolea, ratiba ya kwaresima, na faili moja lenye jina la manambamanamba na mkia wa ajabu mwishoni, ule mkia unaowekwa na simu kuonyesha kwamba upakuaji haukuisha. Ukiligusa, simu inakataa. Mafaili kama haya nyie mnayafuta kwa mkupuo, mnaita takataka.

Nikamuuliza mama, "Mtandao ulipokatika siku ile ya Krismasi, mliendelea kupakua baadaye?"

"Hapana. Alisema tuachane nayo."

"Na wewe hujawahi kubonyeza kupakua?"

"Mimi najua kugusa penye bluu tu."

Basi lilikuwa lile. Lilikuwa faili ambalo Festo mwenyewe alilianzisha kwa kidole chake akiwa amekaa na mama yake kwenye benchi, likakatika njiani, wakalisahau. 

Sikilizeni hapa, hii ni ya kazi. Faili kama hilo usilifanyie kitu lenyewe. Nililinakili kwenye memori kadi, nikalinakili kwenye kompyuta yangu, ndipo nikachukua nakala moja nikaondoa ule mkia kwenye jina, nikaacha zile herufi za mwisho zinazoiambia simu kwamba hili ni faili la muziki. Wimbo wa sauti tupu una wema huo, hata ukiwa nusu unacheza ile nusu. Video mara nyingi haina huruma hiyo.

"Mama," nikamwambia, "nimepata kipande. Sijui kinafika wapi. Huenda ni kifupi."

"Weka."

Nikabonyeza. Kikaanza kinanda, zikafuata sauti za kike, halafu za kiume zikaingia kwa chini. Kwaya nzuri, ya watu wanaochimba mchana na kufanya mazoezi jioni wakiwa na vumbi kooni. Ubeti wa kwanza ukapita. Kiitikio. Ubeti wa pili ukaanza, ukafika katikati ya neno, ukakatika. Nikangoja, kama vile kungoja kungeongeza kitu. Ubeti wa tatu, ule wa Festo, haukuwemo.

Yohana akatoka akasimama kwenye mvua, hata kofia hakuvaa.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Ndipo kilipofika."

"Rudia."

Nikarudia. Kikakatika palepale.

"Rudia."

Sikumbuki nilirudia mara ngapi. Wateja wengine walikuja wakasimama, wakaona uso wa yule mama, wakaondoka bila kuuliza bei. Mwishoni alichukua simu akaibana sikioni kama anapigiwa, akafumba macho. Mara akainua kidole juu.

"Huyu hapa."

"Nani, mama?"

"Festo. Si ndiye huyu, nyuma ya hawa wengine. Neno la mwisho wenzake wanaliacha, yeye bado analivuta. Toka mdogo alikuwa hivyo, nilikuwa namgombeza. Unamsikia?"

Akaniwekea simu sikioni. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza kwa nguvu zangu zote, pale kwenye kiitikio, pale neno la mwisho linapokwisha. Nilisikia wanaume wanaimba besi. Nikasikiliza tena. Ningeweza kumwambia namsikia, na nani angenihukumu? Neno lenyewe lilikuwa mdomoni tayari. Lakini maisha yangu yote sijamwambia mteja kwamba kitu kipo kama mimi sijakiona.

"Simsikii, mama. Nasikia kwaya tu."

Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, mimi, fundi, nikaonewa huruma na mfiwa.

"Wewe hukumzaa," akasema.

Akageukia mlangoni, akaita kwa sauti kubwa ambayo hakuwa ameitumia tangu waingie. "Shemeji! Shemeji Yohana! Njoo umsikie mwanao."

Yohana akaja, maji yanamchuruzika usoni. Akapiga magoti kwenye simenti, maana mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, akaweka sikio karibu na simu. Nikabonyeza mimi. Ubeti wa kwanza. Kiitikio, mama akainua kidole kumwonyesha. Ubeti wa pili, pakakatika.

"Umemsikia?"

 Yohana aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ukingo wa meza yangu.

"Nimemsikia, shemeji," akasema, na hapo akaangua kilio, yule mtu mzima, akilia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Mama akamwekea mkono kichwani. "Basi, baba," akamwambia. "Basi. Si yupo." Mimi nikageukia ukutani, nikajifanya natafuta waya wa chaji.